Kuimba, Kughani na Kusoma: Historia Fupi ya Maneno Yetu ya Sauti

Utangulizi

Kila mwaka, tunapofika kwenye mada ya ushairi simulizi, wanafunzi wa Idara yetu huuliza swali lile lile: kuna tofauti gani kati ya kuimba na kughani? Jibu la vitabuni ni fupi. Wimbo huimbwa, ghani hughanwa, na kughani ni kutoa maneno kwa sauti iliyo kati ya kuimba na kuzungumza. Mwanafunzi huliandika jibu hilo, hufaulu mtihani, na mambo huishia hapo.

Shida huanza anapotoka darasani na kuwasikiliza wenye lugha. Anahudhuria maulidi, anasikia sauti nzuri zenye lahani, lakini anaambiwa kwamba maulidi husomwa. Anakutana na mzee wa Mombasa, naye anamwambia kwamba shairi huimbwa, na lisiloimbika si shairi. Anaingia kanisani, anakuta kitabu cha tenzi, na tenzi zenyewe hazina mizani nane wala vina vya utenzi aliofundishwa. Anakwenda Kenya kwenye tamasha la shule, anaona watoto wakishindana kukariri mashairi. Anavuka kwenda Tanzania, na huko mwalimu anawaonya wanafunzi wake wasikariri bali waelewe. Nani amekosea?

Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba hakuna aliyekosea. Maneno haya hayakugawana kazi kwa kigezo cha sauti peke yake. Yaligawana kazi kwa historia: nani alilileta neno, alilikuta neno gani hapa, na maandishi yalikuwa na nafasi gani mbele ya mdomo. Jambo hili linatuhusu hasa sisi walimu na wanafunzi wa Uganda na nchi jirani za bara, ambao Kiswahili wengi wetu tumekipata zaidi kwa kitabu kuliko kwa sikio.

Kuimba: neno tulilozaliwa nalo

Tuanze na neno ambalo halikuletwa na mtu. Mzizi wa kuimba ni wa Kibantu, na umesambaa katika eneo kubwa sana. Mganda husema okuyimba, na wimbo kwake ni oluyimba. Mnyarwanda na Mrundi husema kuririmba, na wimbo kwao ni indirimbo. Mkikuyu huuita wimbo rwĩmbo. Mbemba wa Zambia husema ukwimba, Mchewa wa Malawi ana nyimbo kama sisi, na msemaji wa Kilingala huita nyimbo nzembo. Mswahili wa pwani, kabla ya kupokea neno lolote la baharini, alikuwa na kuimba, na kutokana na kitenzi hicho alikuwa na wimbo, mwimbaji, na vitenzi vyote vya mnyambuliko: kuimbia, kuimbiana, kuimbisha, kuimbika.

Kwa kuwa neno hili ni la zamani, limebeba mambo mengi kuliko muziki. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyatungia utendi mwaka 1913, shujaa yuko kifungoni na mjakazi Saada humletea chakula. Liyongo anamtungia maneno ya wimbo ayapeleke kwa mama yake. Walinzi wanausikia, nao hawaambulii kitu. Mama anaelewa kwamba mwanawe anataka tupa, anaificha ndani ya mkate, na mkate unafika. Kisha Liyongo anaomba apigiwe gungu, na katika kelele za ala na waimbaji anakata minyororo yake. Katika kisa hiki wimbo ni ujumbe, ni fumbo na ni kificho. Kuimba si kupamba sauti tu, ni kusema jambo ambalo halisemeki kwa maneno makavu.

Maana hiyo haijafa. Mtu akirudia ombi lake kila siku, tunasema ameligeuza kuwa wimbo. Vijana wa mitaani Tanzania wakisema fulani anamwimbisha binti, wana maana kwamba anamtongoza. Maneno yanayorudiwa kwa mvuto ili yamwingie msikilizaji: hicho ndicho kiini cha kuimba, iwe kwenye ngoma au uchochoroni.

Ndani ya kuimba, pwani na bara zimekuwa na majina mengi ya nyimbo kwa kazi zake. Vitabu vya shule, hasa vya Kenya, vimeyakusanya: hodiya ni nyimbo za kazi, wawe ni za wakulima, kimai ni za wavuvi na mabaharia, nyiso ni za jando, mbolezi ni za kuomboleza, bembelezi ni za kulaza watoto. Tukiyatazama majina hayo tunaona kwamba kilichomshughulisha aliyeyatunga si sauti inavyopanda na kushuka. Kilichomshughulisha ni kwamba watu wako shambani, wako baharini, au wako msibani. Wimbo uliitwa kwa mahali pake na kazi yake.

Kughani: neno lililobadili kazi

Kughani ni neno la Kiarabu. Huko kwao kitenzi ghanna maana yake ni kuimba hasa, na mwimbaji wa muziki wa Kiarabu huitwa kwa jina litokanalo na mzizi huo huo. Sasa, kwa nini neno lenye maana ya kuimba lilipoingia katika Kiswahili halikubaki na maana ya kuimba?

Sababu ni kwamba kiti kilikuwa na mwenyewe. Kiswahili kilikuwa na kuimba tayari, neno lenye mizizi mirefu, na mgeni hakuweza kuling'oa. Ndivyo yanavyofanya maneno mengi ya kukopwa: yakikuta maana imeshikwa, husogea pembeni na kushika sehemu ndogo iliyo karibu. Kughani kukashika sehemu ya utoaji wa shairi: sauti ina mahadhi, lakini maneno ndiyo yanayotangulia, na mahadhi yanayafuata. Katika wimbo wa ngoma unaweza kuburuta silabi, ukaikata, ukaingiza kiitikio kisicho na maana yoyote, na hakuna atakayelalamika. Katika kughani, neno likipotea umeharibu kazi.

Zaidi ya kughani, ushairi wa pwani ulipokea msamiati mzima kutoka Kiarabu, na kila neno lina habari yake. Shairi linatokana na neno la Kiarabu la ushairi, shi'r. Beti ni bayt, yaani nyumba, na Waarabu pia waliuita mstari wa shairi nyumba. Bahari ni jina lile lile la bahari ya maji, ambalo wanaarudhi wa Kiarabu walilitumia kwa aina za mapigo ya shairi. Mizani ni ile ya kupimia. Lahani ni tuni. Lakini angalia maneno ambayo hayakukopwa: utenzi, utungo, kibwagizo, malenga, manju. Mtendaji, mtungaji, na yule anayebwaga mzigo wa sauti mwishoni mwa ubeti wamebaki Waswahili. Vipimo vilitoka nje, kazi ilibaki nyumbani.

Neno taarabu ni mfano mwingine wa mgeni aliyebadili kazi. Tarab ya Kiarabu ni hali ya moyo kuchangamka na kusisimka kwa muziki. Katika Kiswahili limekuwa jina la muziki wenyewe. Masimulizi ya Unguja yanaihusisha taarabu na kasri ya Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, na klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka shamba, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Siti aliimba mashairi yenye vina na mizani kamili, kwa ala za muziki. Je, hizo ni nyimbo au ni mashairi? Wasikilizaji wake hawakuwa na haja ya kuchagua. Haja hiyo imetokana na mitihani yetu.

Kusoma: sauti mbele ya maandishi

Neno la tatu ndilo linalowatatiza zaidi wanafunzi wa bara. Leo tukisema kusoma, tunamwona mtu amekaa kimya, macho yako kwenye ukurasa. Hiyo ni maana changa. Katika pwani ya karne zilizopita kusoma kulikuwa kutoa sauti. Kurani husomwa, na anayeisoma kwa tajwidi anafuata kanuni kali za kurefusha, kufupisha na kukaza herufi. Maulidi ya Barzanji husomwa. Dua husomwa. Hotuba ya Ijumaa husomwa. Tena msomaji wa Kurani anaweza kuwa na sauti tamu kuliko mwimbaji yeyote mjini, na bado hakuna Mwislamu atakayesema kwamba ameimba.

Hapa tunaona wazi kwamba sikio peke yake halitoshi kueleza maneno haya. Kifaa cha kupimia sauti kingeweza kuonyesha kwamba msomaji amepanda na kushuka kama mwimbaji. Lakini lugha haipimi hivyo. Inauliza: maneno haya ni ya nani? Anayeimba ana mamlaka juu ya maneno yake, anaweza kuongeza na kupunguza. Anayesoma hana mamlaka hayo. Maneno yameteremshwa au yameandikwa, na sauti yake ni chombo cha kuyafikisha tu. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika katika ripoti kwamba waumini waliimba Kurani, kosa lake si la msamiati mdogo. Amewaambia wenye dini kwamba maneno wanayoyatukuza ni utungo wa binadamu. Wataumia, na wana haki ya kuumia. Mwalimu anayelifuta kosa hilo kwa kalamu nyekundu bila kueleza sababu amemnyima mwanafunzi somo kubwa.

Tenzi za zamani nazo zilikuwa katika mpaka huu. Utendi wa Tambuka, ambao Bwana Mwengo bin Athumani aliuandika Pate mwaka 1728, na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ni tungo zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwana Kupona anamwita binti yake aje na wino na karatasi. Lakini karatasi hiyo haikukusudiwa kubaki kimya. Ilikuwa ya kusomwa kwa sauti, mbele ya watu, kwa mahadhi yanayojulikana, na waliosikiliza waliweza kuhifadhi beti nyingi bila kugusa maandishi. Ndiyo maana mizani ya utenzi ni mifupi, nane kwa kila kipande, na vina vya vipande vitatu vya kwanza vinafanana huku kina cha mwisho kikirudi katika kila ubeti mpaka utungo ukaisha. Kina hicho cha mwisho ni kama kigingi cha sikio. Asiyeusikia utenzi haoni kazi yake.

Sisi wa Uganda tuna ushahidi wetu wa maana hii pana ya kusoma. Katika Kiganda, okusoma ni kusoma kitabu, ni kwenda shule, na pia ni kwenda kusali. Katika kasri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza na ya Mwanga, karne ya 19, waliofuata dini mpya, Waislamu na Wakristo, waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Hawakuitwa hivyo kwa sababu walikaa kimya na vitabu. Waliitwa hivyo kwa sababu walionekana na kusikika wakitamka maneno ya kitabu. Na Waislamu wa Buganda na Busoga wana muziki wao uitwao matali, jina linalotokana na matari, ngoma zile za kuwambwa upande mmoja zinazopigwa kwenye maulidi na sherehe za pwani. Kule pwani tari ni ala. Huku kwetu ala imekuwa jina la nyimbo. Neno likisafiri halifiki na mizigo ile ile.

Utenzi unaingia kanisani

Wamisionari walipotafsiri Biblia na nyimbo za ibada walihitaji maneno, na waliyakuta haya ya pwani. Katika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, mstari wa 19 wa sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso unataja vitu vitatu mfululizo: zaburi, tenzi, na nyimbo za rohoni. Hapo tenzi limesimama mahali pa neno la Kigiriki lenye maana ya nyimbo za sifa. Jina la kitabu mashuhuri cha Tenzi za Rohoni, kinachotumiwa na makanisa mengi ya Kiprotestanti Kenya na Tanzania, linarudisha mwangwi wa maneno hayo.

Matokeo yake ni kwamba neno moja sasa lina wenyewe wawili. Kwa mwanafunzi wa fasihi, utenzi ni utungo mrefu wa beti za vipande vinne, mara nyingi wa masimulizi au mawaidha. Kwa mkristo wa kijijini, utenzi ni wimbo mfupi wa ibada wenye tuni ya Ulaya, huimbwa kwa sauti nne, na hauna uhusiano wowote na mizani nane. Nimewasikia wanafunzi wakibishana vikali darasani, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake hajui Kiswahili. Wote wawili wanakijua. Wanachokosa ni historia ya neno.

Lipo jambo jingine la kuzingatia. Kwa kuchagua neno tenzi, watafsiri waliipa nyimbo ya kanisani heshima ya utungo mzito, tofauti na wimbo wa ngoma ambao wengi wao waliushuku. Neno lilifanya kazi ya uzio: hizi ni tenzi, zile ni nyimbo za kidunia. Upande wa Waislamu kaswida lilifanya kazi kama hiyo hiyo. Katika Kiarabu qasida ni shairi refu la aina maalumu, hata la kumsifu mfalme au kumlilia mpenzi. Katika Kiswahili kaswida imekuwa utungo wa dini unaotolewa kwa sauti, na kijana anayekatazwa nyimbo huruhusiwa kaswida.

Mgogoro wa ushairi, 1954 hadi 1989

Maneno haya yalipoingia katika vitabu vya uhakiki yalizua ugomvi ambao kila mwanafunzi wetu huusoma, lakini wachache huuona kama ugomvi wa maneno kuimba na kughani.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwake shairi, utenzi na wimbo vilikuwa kitu kimoja, na utungo usioimbika haukustahili jina la shairi. Shaaban Robert naye aliviweka nyimbo, mashairi na tenzi chini ya paa moja la ushairi, akavitofautisha kwa ukubwa na umbo. Msimamo huu ulikuwa na mantiki yake. Vina na mizani si mapambo ya macho, ni vifaa vya sauti. Kuvitaka vina ni kutaka shairi liweze kutoka mdomoni. Mathias Mnyampala alipoeneza ngonjera kupitia chama cha UKUTA, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilipotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, vilikwenda shuleni na mikutanoni kutamkwa na watu wawili au zaidi wakijibizana. Redio Tanzania nayo ilikuwa na kipindi cha Malenga Wetu, ambamo mashairi ya wasikilizaji yalighanwa hewani. Watu wengi wa bara walipata mahadhi ya pwani kupitia redio.

Ndipo wakaja wanausasa. Mashairi ya Kisasa ya Mulokozi na Kahigi yalitoka 1973, na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kikatoka 1974. Walidai kwamba shairi linaweza kuwa shairi bila vina wala urari wa mizani. Wanajadi waliwajibu kwa ukali. Tukisoma majibizano hayo leo tunaona kwamba pande mbili zilikuwa zikizungumzia vitu viwili. Mwanajadi alipouliza kama utungo unaimbika, aliuliza kama una maisha nje ya kitabu. Mwanausasa alipojibu kwamba si lazima uimbike, alimaanisha kwamba msomaji wa kisasa anasoma peke yake, kimya. Ugomvi ulikuwa juu ya msomaji na msikilizaji, lakini ulipiganwa juu ya vina. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), alirudi kwenye sikio na kuwakumbusha wahakiki kwamba huwezi kuueleza ushairi wa pwani bila sauti zake.

Mwaka 1989 M. M. Mulokozi alichapisha katika jarida la Mulika mgawanyo wa tanzu za fasihi simulizi ambao mpaka leo unafundishwa katika vyuo vingi vya ukanda huu. Humo ushairi simulizi umegawanywa mara mbili: nyimbo na maghani. Kwa hiyo katika miaka thelathini na mitano tu, kutoka Amri Abedi hadi Mulokozi, kitu kimoja kilikuwa viwili. Kughani, ambako kulikuwa namna ya kutoa shairi, kulizaa jina la utanzu mzima. Mgawanyo huo umetusaidia sana. Lakini ni mgawanyo wa wataalamu, wenye umri mdogo kuliko wa wengi wetu tunaoufundisha. Si haki kuutumia kumhukumu mzee wa Mvita anayesema shairi huimbwa. Yeye anasema Kiswahili kilichotangulia mgawanyo.

Tulichokuwa nacho sisi wa Maziwa Makuu

Katika mgawanyo wa Mulokozi, chini ya maghani, kuna kivugo, yaani majigambo ya mtu anayejisifu kwa matendo yake. Msomaji kutoka Ankole, Buhaya, Rwanda au Burundi hahitaji kamusi kulielewa neno hilo. Wanyankore wana ekyevugo, na kujisifu huko huitwa okwevuga. Wanyarwanda wana icyivugo, nao husema kwivuga. H. F. Morris aliyakusanya na kuyachapisha majigambo ya Wahima wa Ankole mwaka 1964. Mulokozi mwenyewe ni mtafiti wa tendi za nanga za Wahaya. Si ajabu, basi, kwamba mtaalamu mwenye sikio la bara ndiye aliyeona haja ya kutenga maghani na nyimbo. Huku bara tofauti hiyo ilikuwapo katika maisha ya kila siku.

Linganisha maneno yenyewe. Katika Kinyarwanda na Kirundi kuvuga ni kusema. Kwivuga, basi, ni kujisema. Katika Kiganda okugamba ni kusema au kuambia, na Kiswahili kina kujigamba. Mzizi gamba hausimami peke yake kwa maana ya kusema katika Kiswahili cha leo, lakini umesalia ndani ya majigambo. Lugha hizi zimeunda neno kwa njia moja: mtu anajitaja. Na hakuna hata moja iliyotumia kitenzi cha kuimba. Mwenye kujivuga hatumbuizi. Anatoa ushahidi juu yake mwenyewe, kwa kasi, neno juu ya neno, na wanaosikiliza ndio mashahidi. Kiganda nacho kina okutontoma, kutamka shairi, na shairi huitwa ekitontome, tofauti kabisa na oluyimba.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi wetu haji darasani mikono mitupu. Tofauti kati ya kuimba na kughani, anayoikariri kwa shida kutoka kitabuni, anayo katika lugha ya mama yake. Anayohitaji ni mwalimu wa kumwonyesha.

Mambo matatu kwa darasa la Kiswahili

Kwanza, tufundishe vitenzi pamoja na wenyewe. Isitoshe kusema kughani maana yake ni nini. Tuonyeshe nani hughani, wapi, na mbele ya nani. Kurani na maulidi husomwa. Adhana huadhiniwa. Rozari husaliwa. Shairi huimbwa au hughanwa, na katika shule za Kenya hukaririwa. Kukariri kwenyewe kunatokana na neno la Kiarabu la kurudia. Kenya imelichukua upande wa kurudia kwa ufundi, Tanzania ikalichukua pia upande wa kurudia bila kuelewa. Hata rapu imepata vitenzi vyake, kwanza kufoka, kisha kuchana, na msanii kama Mrisho Mpoto wa Tanzania hutajwa kuwa mghani. Kila kitenzi kina mlango wake wa kuingilia.

Pili, tutunge mitihani kwa haki. Mwanafunzi anayejibu kwamba shairi huimbwa asinyimwe alama kama swali halikutaja mgawanyo wa nani. Swali likisema "kwa mujibu wa mgawanyo wa tanzu za fasihi simulizi", jibu ni moja. Likiuliza tu kuhusu matumizi ya Waswahili, majibu ni zaidi ya moja.

Tatu, na hili ndilo kubwa, turudishe sauti. Wapo wahitimu wa ukanda huu waliohesabu mizani ya mamia ya beti kwa vidole na hawajawahi kusikia utenzi mmoja ukisomwa kwa mahadhi yake. Wataenda kufundisha, na wanafunzi wao watahesabu vidole pia. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua ya namna hiyo pamoja na kukifundisha shuleni. Walimu wengi watahitajika, na watahitajika haraka. Haraka hiyo ikitufanya tuwape vitabu bila sauti, tutakuwa tumewapa mifupa ya ushairi. Rekodi zipo, waghani wapo, na kwa wanafunzi wenye wazee wanaojua ebyevugo, chumba cha kwanza cha utafiti kiko nyumbani.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuimba ni neno la asili lililokataa kuondolewa, kughani ni mgeni aliyepewa nafasi pembeni na baadaye akajengewa nyumba nzima na wataalamu, na kusoma ni neno la sauti ambalo shule ya kisasa imelinyamazisha. Hakuna hata moja linaloweza kufasiliwa kwa lahani peke yake. Kila moja linauliza maneno haya ni ya nani, na anayeyatoa ana haki gani juu yake. Mwalimu atakayelifikisha swali hilo darasani atakuwa amefundisha zaidi ya msamiati, na mwanafunzi atakayelibeba atajua la kusema akiingia msikitini, kanisani, kwenye ngoma, au kwenye baraza la wazee wake mwenyewe.